Baba kagoma kuweka matone, anasema yanalitia jicho weusi. Rangi ya jicho na presha ya macho vinahusiana?

MamaSayi_Makoroboi

Habari zenu wanajukwaa. Naomba wenye uelewa wa macho, hasa kama kuna nesi au daktari humu, mnisaidie. Nyumbani kwangu kumegeuka baraza la wazee, kila mtu ana lake.

Baba yangu ni mvuvi wa zamani wa Ukerewe, miaka 70 na kitu. Tangu mama afariki nimemchukua anaishi nami hapa Igoma. Jicho la kushoto limeshakwenda. Sisi tulidhani ni mtoto wa jicho, tukawa tunasubiri "likomae" atolewe, kumbe alipopimwa wakasema ni presha ya macho, mshipa wa nyuma umeshakufa na hakuna cha kurudisha. La kulia linaona, ila mbele tu. Pembeni haoni, ndiyo maana anagonga fremu za milango, na juzi bajaji imempitia karibu hivi hivi akiwa anaenda kununua sigara. Kapewa matone yanaitwa latanoprosti, tone moja kila usiku.

Sasa tatizo. Tangu aanze hayo matone kope zake zimerefuka na kuwa nyeusi tii, mabinti zangu wanamtania eti babu kabandika. Hilo analivumilia. Lakini na ngozi kuzunguka jicho imekuwa nyeusi, na mwenyewe akijitazama kwenye kioo anaapa kwamba hata jicho lenyewe limezidi weusi. Amegoma. Anasema, "Jicho moja mmeshalizika, hili mnalipaka masizi." Chupa kaificha, mpaka leo sijui iko wapi.

Aliyeharibu zaidi ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, anauza dagaa pale Mwaloni na anasoma kila kitu kwenye simu. Yeye anasema wazungu hawaumwi sana ugonjwa huu kwa sababu macho yao ni mepesi, maji yanapita. Sisi wenye macho meusi ule weusi unamwagika ndani ya jicho na kuziba njia. Kwa hiyo dawa inayoongeza weusi si dawa, ni kuongeza ugonjwa. Nikataka kumpuuza, lakini nilipotafuta mwenyewe nikakuta kweli kuna habari ya rangi ya jicho kumwagika na kuziba. Hapo nikaishiwa maneno.

Jingine dogo, samahani kwa kuchanganya. Kijana wangu yuko kidato cha pili. Weupe wa macho yake una rangi ya kahawia kuzunguka ile duara nyeusi, na macho yanamwasha tangu mdogo, kiangazi vumbi likianza ndiyo usiseme. Bibi yake upande wa baba humnunulia dawa ya matone dukani, inamtuliza sana. Baba yangu kamwangalia akasema "huyu naye weusi umeshaanza, kanirithi." Ni kweli?

KakaKirumba

Pole sana dada. Hizo dawa za hospitali zina kemikali. Tafuta asali ya nyuki wadogo, ile isiyochakachuliwa, tone moja asubuhi na jioni. Mjomba wangu alipona kabisa.

MzeeWaKamanga

Kaka Kirumba, mjomba wako alipona nini? Wewe ulimpima presha ya jicho kwa asali? Acha utani na jicho la mtu ambaye amebakiwa na moja.

Mama Sayi, mimi ni mgonjwa mwenzake mzee, nilikuwa fundi wa injini za meli. Nilianzishiwa matone ya timololi nikabanwa kifua usiku kucha, kumbe mwenye pumu hapaswi kupewa ile, na mimi pumu yangu nilikuwa sijaitaja. Nikabadilishiwa hiyohiyo ya baba yako. Kope zangu mimi pia ni ndefu, wajukuu wamezoea. Mwambie jicho halijazikwa na mtu, lilizikwa na kuchelewa. Kwa hayo ya rangi kumwagika, ngoja waje wataalamu.

Mstaafu_ChumbaChaMacho

Mwangaluka mayu. Nilifanya kazi chumba cha macho hadi nikastaafu, siku hizi nafuga kuku Nyakato na kugombana na watu humu. Sitafuata mpangilio wako, naanza na kilichonishtua, nacho ni cha kijana na si cha mzee.

Hiyo dawa inayomtuliza sana inaitwaje? Chukua chupa, soma maandishi madogo. Ukikuta deksamethasoni, betamethasoni au prednisoloni, niandikie hapa leoleo. Nitairudia.

Sasa weusi. Shemeji yako ameokota ukweli, ila ni ukweli wa watu wengine. Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa usiku na mchana, si machozi haya ya kulia. Yanatengenezwa nyuma ya ile duara yenye rangi, yanapenya kwenye tundu la mboni kuja mbele, halafu yanatoka pale kwenye kona, duara inapokutana na weupe, kwa kupitia wavu mwembamba mno. Yakishindwa kutoka vizuri presha inapanda. Kwa wengi kawaida ni kati ya 10 na 21, kwa milimita za zebaki. Ikizidi uwezo wa mshipa wa fahamu ulio nyuma ya jicho, nyuzi za mshipa zinaanza kufa, na za kuona pembeni hutangulia. Ndiyo fremu za milango hizo. Wala haiumi, na hapo ndipo ubaya ulipo.

Ipo aina moja ya glakoma, ndiyo hii mnayoiita presha ya macho, ambayo rangi yenyewe ndiyo mkosaji. Ile duara inabonyea kuelekea ndani, mgongo wake unasuguana na nyuzi zinazoshikilia lenzi, chembe za rangi zinabanduka, zinaelea kwenye maji na kwenda kunasa kwenye wavu. Aliyewahi kusuuza nyavu za dagaa hahitaji maelezo zaidi, utelezi ukishakaa kwenye matundu yale madogo maji hayapiti. Chembe nyingine hujipanga mstari wa wima nyuma ya kioo cha mbele cha jicho. Mstari huo unaitwa kwa jina la Mjerumani Krukenberg, aliyeuandika mwaka 1899. Lakini uliza nani anaupata ugonjwa huu. Mara nyingi ni wanaume vijana, miaka 20 hadi 40, wasioona mbali bila miwani, na wengi wao ni hao hao wazungu wa macho mepesi ambao shemeji anasema wamesalimika! Wengine wakikimbia au kucheza mpira sana wanaona ukungu kwa muda, kwa sababu rangi imebanduka kwa mkupuo. Kwetu ni nadra. Mzee wa miaka 70 wa Ukerewe kuwa na hiyo, mimi singeweka hata jogoo mmoja.

Na hata hiyo rangi inayobanduka haihusiani na mtu kuwa na jicho jeusi au la buluu. Tabaka la nyuma la ile duara ni jeusi kwa kila binadamu, isipokuwa mwenye ualbino. Tofauti tunayoiona tukitazamana iko tabaka la mbele, na hata huko seli zinazobeba rangi hazitofautiani sana kwa idadi, kinachotofautiana ni kiasi cha melanini kilichomo ndani yake.

Kwamba sisi tunaumwa zaidi, hilo ni kweli wala tusilifiche. Baltimore kule Marekani walipima watu na kuchapisha mwaka 1991, wakakuta glakoma ya kawaida kwa weusi ni mara 4 hadi 5 ya weupe. Hapa kwetu walipima Kongwa, Dodoma, watu zaidi ya 3,000 wa miaka 40 na kuendelea, wakatoa matokeo mwaka 2000: kama 4 katika kila 100 wanayo. Lakini usichukue rangi ya ngozi ukaifanya sababu. Kuna urithi wa ukoo, kuna umri, kuna kioo cha mbele ambacho kwa wengi wetu ni chembamba kidogo, kwa hiyo kipimo kinasoma presha ndogo kuliko ilivyo na mtu anaambiwa "uko sawa" kumbe bado. Watafiti wa Blue Mountains, Australia, waliona wenye macho ya kahawia wana presha juu ya wenye macho ya buluu, ila tofauti ni ndogo, na hakuna daktari atakayekuandikia dawa kwa kuangalia rangi ya jicho lako.

Haya, matone. Mzee haoti, anaona kweli. Latanoprosti na ndugu zake huziamsha seli za rangi zitengeneze melanini zaidi. Seli haziongezeki, kila moja inajaza rangi tu. Kwa wenye macho mchanganyiko, ya kijani na kahawia, jicho hubadilika rangi waziwazi na halirudi. Kwa jicho lililo jeusi tayari kama la baba yako mabadiliko hata daktari atayatafuta. Kinachoonekana kwetu ni kope na ngozi. Rangi hiyo imekaa ndani ya seli zake, haibanduki, haielei, haiendi kwenye wavu. Yaani dawa inalitia jicho weusi na papo hapo inashusha presha, yote mawili kwa pamoja, na la kwanza halidhuru la pili.

Ngozi kuwa nyeusi mnaweza kupunguza. Tone liwe moja tu, si mawili "kwa uhakika". Afumbe jicho, abonyeze kwa kidole pale kona ya pua kwa dakika 1 au 2, kisha umfute kinachochuruzika na kitambaa safi. Wengi wanaacha kitiririke hadi shavuni, na ngozi inayolowana ndiyo inayoiva. Akibadilishiwa dawa, weusi wa ngozi huwa unafifia taratibu.

Na chupa mliyofichwa, ikipatikana tazama tarehe iliyofunguliwa. Ikishafunguliwa inatumika wiki 4 hadi 6, fuateni kilichoandikwa kwenye boksi. Isiyofunguliwa inakaa kwenye friji. Kama kaificha juu ya bati kwa jua hili la Mwanza, nunueni nyingine.

Msafiri_Magu

Shikamoo Mstaafu. Nimesoma pale ulipotaja ualbino. Mimi ni mtu mwenye ualbino, nina miaka 38. Kama rangi ndiyo inayobanduka na mimi sina, basi huu ugonjwa mimi haunihusu? Naomba useme ndiyo, matatizo niliyonayo yananitosha.

Mstaafu_ChumbaChaMacho

Marahaba. Ningependa kusema ndiyo, lakini hapana. Ile glakoma ya rangi kubanduka sawa, haikuhusu. Hii ya kawaida inakuhusu kama inavyonihusu mimi. Wewe huoni vizuri kwa sababu nyingine: sehemu ya katikati ya pazia la nyuma ya jicho, inayotupa uono mkali, haikukua kikamilifu, na nyuzi za mshipa zinavukana kwenda kwenye ubongo kwa namna tofauti. Mwanga unakuumiza kwa sababu hakuna rangi ya kuuzuia. Hayo umezaliwa nayo na hayaongezeki mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo ukiona uono wako unapungua kuliko ulivyozoea, usikubali mtu akuambie "ni ualbino tu huo". Hilo nimelisikia likisemwa na watu waliovaa koti jeupe, na linanikera hadi leo.

Halafu kuna jambo lilinishangaza niliposoma. Mwaka 2003 watafiti wa Jackson Laboratory kule Marekani walifuga panya wenye kasoro ya kuzaliwa kwenye ile kona ya kutolea maji. Panya waliokosa tirosinesi, kimeng'enya kinachotengeneza melanini, ndio kona zao ziliharibika zaidi. Ni panya, na ni glakoma ya kuzaliwa, usilale unaiwaza. Ila mwenye kusema weusi siku zote ni adui wa jicho, hiyo nayo ampelekee shemeji.

MzeeWaKamanga

Mstaafu, na leza je? Mimi nilipigwa Moshi, nikaambiwa leza yenyewe inatafuta weusi. Sikuuliza zaidi, nilikuwa na hofu.

Mstaafu_ChumbaChaMacho

Umenikumbusha jambo zuri. Leza ile inapiga kwenye wavu, na mwanga wake unamezwa na seli zenye melanini, zile zisizo nayo zinaachwa. Baada ya hapo wavu unapitisha maji vizuri zaidi. Huko Moshi, hospitali ya KCMC, walifanya utafiti, wagonjwa 201, nusu leza nusu matone ya timololi. Ulichapishwa 2021. Baada ya mwaka mmoja leza ilifanikiwa kwenye macho 61 katika 100, timololi 31. Na ukizingatia bei ya matone ya kila mwezi, na wazee wanaoficha chupa, mimi ningemuuliza daktari kuhusu leza kabla ya jambo lolote. Tahadhari ni kwa wale wa rangi kubanduka: wavu wao umejaa weusi kupita kiasi, leza ikipigwa kwa nguvu ileile presha inaweza kuruka juu. Daktari atatazama kona kwanza.

Weusi huo huo ndio unaofanya dawa ya kupanua mboni ichelewe kwetu. Melanini inaishika dawa na kuiachia polepole. Ukikaa kwenye benchi na nesi akakuongeza tone la pili na la tatu, usimnunie. Na ukitoka usiendeshe pikipiki, maana inachelewa kuisha vilevile.

MamaSayi_Makoroboi

Asanteni jamani, Mungu awabariki. Chupa ya baba imepatikana, ilikuwa ndani ya gamboti lake la zamani. Haikuwa juani.

Ya kijana nimeisoma. Imeandikwa deksamethasoni na neomaisini. Bibi yake anasema anamwekea "akizidiwa tu", lakini kiangazi hiki amezidiwa karibu kila siku. Mstaafu, usiniache hapa.

Mstaafu_ChumbaChaMacho

Siendi popote. Sikiliza, na bibi asilaumiwe, hiyo dawa inauzwa kama pipi na kweli inatuliza.

Macho yanayowasha tangu utoto na kuzidi vumbi likianza, huo ni mzio. Kwa watoto wetu mzio wa muda mrefu huacha rangi ya kahawia kuzunguka kioo cha jicho. Wapo pia watu weusi wengi tu wenye madoa ya kahawia kwenye weupe, macho yote mawili, hayawashi na hayana madhara, mimi mwenyewe ninayo. Yote hayo si presha ya macho. Doa la upande mmoja linalonyanyuka na kukua ndilo la kukimbizwa kwa daktari, kwa sababu nyingine kabisa.

Lakini deksamethasoni ikiwekwa wiki baada ya wiki hupandisha presha ya jicho kwa baadhi ya watu, na mjukuu wa mwenye glakoma yuko karibu zaidi na kundi hilo. Mtoto haoni maumivu, anafurahi kwamba hakuni tena. Inaweza kuleta hata mtoto wa jicho. Nimeona wanafunzi wa sekondari wamepoteza macho kwa chupa ya bei ya soda.

Kwa hiyo kijana ndiye aende kwanza, wiki hii. Hospitali ya Bugando wana kitengo cha macho; ukianzia hospitali ya Sekou Toure sawa pia, watakuelekeza. Nenda na chupa yenyewe, usiseme "dawa ya macho ya dukani". Sema imetumika tangu lini na mara ngapi. Waambie babu yake mzazi ana glakoma, hilo lisiposemwa hawatalijua. Watampa dawa ya mzio isiyo na steroidi, yaani isiyo ya kundi la hiyo deksamethasoni, zipo, na atavumilia kuwashwa siku mbili tatu. Kitambaa cha maji baridi kinasaidia, asifikiche.

Na wewe mwenyewe je? Umemtaja baba, umemtaja mtoto. Uko katikati yao.

MamaSayi_Makoroboi

Nina 41. Mimi naona vizuri tu.

MzeeWaKamanga

Na mimi nilikuwa naona vizuri tu, mama.

DagaaMwaloni

Kumbe nimeanikwa huku pamoja na dagaa. Mimi ndiye shemeji. Shikamooni wakubwa.

Nimesoma yote. Mama yangu, bibi wa kijana, nimeshampigia, chupa nyingine zote mbili alizokuwa nazo kabatini amenikabidhi. Mzee naye nimemsomea pale pa rangi kukaa ndani ya seli, akauliza mara mbili, akasema leo usiku ataweka, ila leza anataka kujua kama inauma. Na swali langu: mimi navaa miwani ya kuonea mbali, mikali, tangu shule ya msingi, nina 36. Hiyo ya kubanduka ni ya wazungu tu kweli?

Mstaafu_ChumbaChaMacho

Marahaba. Leza: anawekewa tone la ganzi, anakaa kidevu kwenye kile chombo, anaona miale ya kijani na kusikia kama kitu kinagusa jicho, dakika chache kwisha. Anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Leza haiponyi jicho lililokwisha, na huenda ikahitaji kurudiwa baada ya miaka.

Wewe: nimesema kwetu ni nadra, sikusema haipo. Na kutoona mbali kwa kiwango kikubwa kunaongeza uwezekano wa glakoma hata hii ya kawaida. Kama baada ya kubeba magunia unaona ukungu au duara za rangi kwenye taa, mwambie daktari maneno hayohayo. Kama huoni, kapime tu. Nendeni na shemeji yako na kijana siku moja, mzee afuate tarehe yake ya kliniki. Asubuhi mapema, kabla foleni haijafika nje.